Ushauri: safari tatu za kwenda na kurudi siku moja nje ya Maskati, nikiwa na mama mwenye magoti mabovu

Msafiri wa Desemba:

Wakuu, habari zenu.

Katikati ya Desemba mimi na mama tutakuwa Maskati siku sita. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua: ngazi kumi na tano anapanda, hamsini hapana. Tutafikia Seeb, kando ya Maskati, kwa ndugu, kwa hiyo kila usiku lazima turudi kulala. Siku tatu ni za mjini, tatu nataka kutoka nje. Nimepanga hivi:

Siku ya 1: Nizwa, Bahla, Jebel Akhdar, Misfat.
Siku ya 2: Bimmah, Wadi Shab (wadi ni bonde la mto), Sur, halafu kasa wa Ras al Jinz.
Siku ya 3: jangwa la mchanga la Wahiba.

Nitakodi gari ndogo ya otomatiki. Nimezoea kuendesha Dar, upande wa kulia wa barabara sijawahi. Mama haogelei. Nirekebishieni kabla sijalipia chochote.

Dereva wa Batinah:

Mkuu, hiyo ni ratiba ya siku sita umeibana kwenye tatu. Desemba jua la Maskati linachomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi, na saa kumi na moja na nusu jioni limeshazama. Kila unachopanga, gawa kwenye mwanga huo.

Kwanza futa Jebel Akhdar kwa gari yako. Chini ya mlima, ukishapita Birkat al Mouz, kuna kizuizi cha polisi, na gari isiyo 4x4 hairuhusiwi kupanda. Usiwaone wakorofi, maana lami yenyewe ni nzuri na pana. Tatizo ni kushuka. Mteremko ni mrefu, na anayekanyaga breki mfululizo anazipasha moto hadi zinaacha kushika. Ndiyo maana pembeni wamechonga njia za dharura za changarawe zinazopanda juu, za kusimamishia gari lililokosa breki. Hata mwenye 4x4 anashuka kwa gia ndogo na kuiacha injini ishike gari. Ukiitaka sana, kodi gari na dereva wake pale chini, bei muelewane kabla mama hajaingia. Uwanda wa Saiq, huko juu mlimani, uko kama mita 2,000 juu ya bahari, na Desemba kuna baridi ya koti. Waridi ni la mwisho wa Machi hadi Mei, komamanga ni la Agosti na Septemba. Kwa hiyo Desemba mtapanda kutazama mandhari tu, na mimi nisingetumia siku nzima kwa hilo.

Futa na Ras al Jinz. Kasa wanapanda ufukweni usiku, na ziara zake ni za usiku au kabla ya alfajiri. Kuendesha zaidi ya kilomita 200 kurudi Seeb saa sita za usiku si safari ya siku moja tena.

Kuhusu upande wa kulia. Ukikaa kiti cha kushoto, macho yako yaliyozoea Dar yatalisogeza gari kulia, kuelekea ukingo wa lami. Rekebisha kwa kuuangalia mstari wa kushoto. Kukata kushoto ndiko sasa kunakovuka magari yanayokuja, na hapo ndipo wageni wanapogongwa. Na kipilefti cha kule ni kipiraiti: magari yanazunguka kutoka kushoto kwako, aliyemo ndani ana haki, wewe unasubiri. Mazoezi fanya Ijumaa alfajiri, barabara ni tupu.

Bi Kahawa Chungu:

Nyongeza kwa Dereva: hiyo hiyo Ijumaa alfajiri ndiyo ya Nizwa, kwa sababu mnada wa mbuzi ni Ijumaa tu. Kutoka Maskati ni kama kilomita 160 na barabara kuu ni nzuri mwanzo mwisho. Ondokeni Seeb kabla ya saa kumi na moja na nusu, saa moja mnakuwa sokoni. Wenye mifugo wanawazungusha mbuzi kwenye duara huku wakitaja bei kwa sauti, wanunuzi wamesimama ndani na nje ya duara. Mama asimame ukingoni kabisa, au atafute pa kukaa, maana ng'ombe wakiingizwa mwishoni wanavuta kamba na watu wanakimbia. Saa tatu shughuli imekwisha. Mnaofika saa nne mtakuta kinyesi.

Ngome iko hatua chache kutoka hapo. Ni ya karne ya 17, enzi ya Imamu Sultan bin Saif al-Ya'rubi. Mnara mkubwa una ngazi nyembamba zenye milango kila kona, na matundu juu yake ambamo adui alimwagiwa asali ya tende iliyochemshwa. Kwa magoti ya mama hizo ngazi hapana. Vyumba vya chini na ua vinamtosha, wewe panda peke yako dakika ishirini. Ingieni mapema, kwa sababu kuelekea sala ya Ijumaa milango inafungwa, na maduka ya soko nayo. Halua, vyungu na fedha nunueni kabla ya saa tano.

Baada ya sala chagueni kimoja tu. Misfat ni kijiji cha kushuka: gari linaachwa juu, na chini ni vichochoro vya mawe na ngazi zinazofuata falaji, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba. Mama atashuka vizuri, kupanda ndiko kutamshinda. Kwake yeye bora Birkat al Mouz: falaji ya al-Khatmeen inapita pale pale mtu anapoegesha gari, ina migomba na mitende pembeni, na ni moja ya falaji tano zilizoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006. Tena iko njiani mnaporudi. Kama mnataka jengo, nendeni ngome ya Jabrin badala ya ile ya Bahla. Bahla ni kubwa na tupu, Jabrin ina dari zilizochorwa, na aliyeijenga, Imamu Bil'arab bin Sultan, amezikwa humo humo.

Maji Marefu:

Naona hakuna aliyegusa siku ya pili, nami naiona ndiyo yenye hatari.

Wadi Shab inakula masaa matatu hadi manne. Unaegesha chini ya daraja la barabara kuu pale Tiwi, unavushwa kwa boti ndogo (rial 1 kwenda na kurudi, beba noti ndogo), kisha unatembea kama dakika arobaini juu ya mawe na kwenye ukingo mwembamba wa mfereji. Hapo njia inakatika, unaingia majini. Madimbwi mengine yanafika kifuani, mengine hayana chini. Mwisho kuna ufa unaopitisha kichwa tu, na nyuma yake pango lenye maporomoko. Asiyeogelea vizuri aishie kwenye dimbwi la kwanza, au avae jaketi okozi. Kandambili zinabaki kwenye matope. Vaa raba usizozionea huruma. Simu weka kwenye mfuko usiopitisha maji uliofungwa kweli kweli, kwa sababu hakuna pa kuiacha simu ikusubiri. Maji ya kunywa lita mbili kila mtu, na geuza kabla ya saa nane mchana, kwani jioni boti zinaacha kuvusha. Nguo za kuogea ziwe fulana na kitu kinachofika magotini, kwa wanaume na wanawake. Ni njia ya wenyeji kwenda mashambani, si ufukwe wa hoteli.

Sasa mama akae wapi masaa manne? Kwenye maegesho hakuna starehe. Kama ndugu wa Seeb anaweza kuja akakaa naye, sawa. Kama hawezi, iache Wadi Shab.

Hapo siku inakuwa nyepesi: Bimmah asubuhi, Sur mchana. Bimmah ni shimo ambalo mwamba wa chokaa ulibomoka na kubakiza ziwa la kijani, maji ya bahari na ya chini ya ardhi yamechanganyika. Kuna bustani, vyoo na vivuli, na ukutani juu mama anaona kila kitu bila kushuka ngazi. Halafu Sur, kwenye karakana za majahazi na daraja la Ayjah. Mama akiwa mtu wa pwani ataelewa haraka anachokiona, maana majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi hadi Unguja mengi yalitoka bandari hiyo.

Njiani mtapita Qalhat, magofu ya mji wa kale wa bandari, na kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, ambaye alikuwa ametoka Kilwa kabla ya kufika Oman, alishuka jahazini Sur kwa kudhani Qalhat iko jirani, akaenda kwa miguu, akafika hoi kwa kiu. Nawaambia wageni wote: kwenye hewa kavu, kilima unachokiona karibu hakiko karibu.

Jambo la mwisho, mvua. Desemba inanyesha milimani huku juu yako jua linawaka. Ukiwa wadini na maji safi yakaanza kuwa ya kahawia, au ukasikia mngurumo, usikusanye vitu, panda juu. Barabarani, pale lami inaposhuka kuvuka wadi, ukikuta maji yanakwenda simama hata kama wenyeji wanapita. Kuingia kwenye wadi inayotiririka ni kosa la jinai Oman, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu.

Dereva wa Batinah:

Wahiba pia usipeleke gari yako. Mchanga wa Bidiyah, mji wa ukingoni mwa Wahiba, unataka 4x4, upepo wa tairi ushushwe hadi psi 15 au 18 ili tairi litanuke na kukanyaga eneo kubwa, na gari la pili la kukuvuta. Kosa la kila mgeni ni kukanyaga mafuta akishakwama. Tairi linachimba, gari linakalia tumbo. Unatakiwa kuacha, kuchimba mbele na nyuma ya kila tairi, kisha kurudi kinyumenyume kwenye alama zako. Ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla ya mwendo kasi, la sivyo tairi legevu linapata moto na kupasuka. Mikataba mingi ya kukodi haikatii bima nje ya lami. Kwa mama mwenye magoti ningesema mchanga mtauona Bawshar, hapo hapo Maskati, mrudi kunywa chai.

Bi Kahawa Chungu:

Bawshar ni vilima vilivyozungukwa na nyumba, ndugu yangu, usimpunje bi mkubwa. Wahiba inawezekana, ila iwe Jumatano. Asubuhi ya Jumatano kuna soko la wanawake Ibra, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Wewe utabaki nje, mama ataingia peke yake, na lugha isimtie hofu: Ibra na Mudhaireb zina koo nyingi zilizoishi Unguja na bara, Kiswahili atakisikia. Wahini saa mbili, kabla ya saa tano wanafunga vitu. Kutoka hapo Bidiyah ni nusu saa hivi kwa lami. Mnapanga tangu mapema na dereva wa kambi awapokee kwenye kituo cha mafuta, gari yenu inabaki hapo, anawapeleka masaa mawili mchangani. Mwambieni wazi: mgonjwa wa magoti, hakuna kurushwa kwenye vilima. Bila kusema hivyo atadhani mmelipia kurushwa.

Jua la machweo mtalikosa. Ndiyo bei ya kurudi kulala Seeb.

Msafiri wa Desemba:

Nimeelewa. Ijumaa Nizwa na Birkat al Mouz, Jumatano Ibra na Bidiyah, Bimmah na Sur iwe Jumapili au Jumatatu. Nikikabidhiwa gari nikague nini?

Dereva wa Batinah:

Jumapili ni nzuri, Ijumaa na Jumamosi ndizo za mapumziko kule na pwani inajaa. Kwenye gari: fungua buti uone tairi la akiba lina upepo, jeki na spana vipo. Soma tarehe kwenye ubavu wa kila tairi, tarakimu nne, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la zaidi ya miaka mitano kwenye joto lile likatae hata kama kashata zake ni nzima. Washa kiyoyozi dakika kumi gari likiwa limesimama. Piga picha mikwaruzo yote, na chini ya bampa pia, maana matuta ya Seeb yatakuongezea mingine. Tangi lijaze Maskati, lijaze tena Sur. Polisi na dharura ni 9999.