Nimechaguliwa mbunge wa bweni. Kuna dada amejifungia nyuma ya kanga wiki ya pili na ameniapisha nisimwambie mtu

Mbunge_wa_Bweni:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa mawazo, jana sikulala kabisa.

Nasoma mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Dar. Mwezi wa tano nilichaguliwa mbunge wa bweni letu la wasichana katika serikali ya wanafunzi. Kwenye kampeni niliongelea maji, giza la njia ya kutoka maktaba, na kafteria inayofungwa saa mbili usiku wakati wengine ndiyo kwanza wanatoka kipindi. Maji bado nayahangaikia, taa mbili zimewekwa. Jambo hili la leo sikuwahi kuliwaza hata siku moja nilipokuwa naomba kura.

Kuna dada wa mwaka wa kwanza. Mkopo alikosa awamu zote, amekata rufaa, anasubiri. Chumba pia alikosa, kwa hiyo anabebwa na binti wa kwao, yaani wanalala wawili kinyemela kitanda kimoja, deka ya chini. Wale wengine wa chumbani ndio walionifuata, wakilalamika kwamba anajisikia, hasalimii mtu, ametundika kanga ubavuni mwa kitanda na anashinda humo kutwa.

Nikaenda. Nilikaa sakafuni nikaongea na kanga kama dakika ishirini kabla hajaisogeza. Midomo imempauka, nywele hajazigusa siku nyingi. Tukiwa hapo simu yake ikalia alamu ya kipindi cha saa nane, akaizima bila hata kuitazama. Nikamuuliza kwa nini haitoi tu. Akasema, "Nikiitoa nitakuwa nimeacha chuo."

Nilimpelekea wali maharage, akala vijiko vitatu. Halafu wakati naondoka akaniambia kwa sauti ya chini sana: "Dada, mimi nikiondoka duniani mama atapumzika. Ameshauza mbuzi wote." Akaniapisha nisimwambie mtu, maana wadeni, yaani msimamizi wa bweni, akijua, yeye na mwenyeji wake wote wanatolewa nje. Nikaapa. Sasa kiapo kinanichoma.

Nifanye nini? Na ni kweli mtu akisema hivyo anaweza kukamatwa? Mbunge mwenzangu kanitisha na hilo.

Nesi_wa_Zamu:

Mdogo wangu, kabla hujamaliza kusoma hapa, mtumie ujumbe huyo binti anayelala naye ajue kwamba leo usiku asiachwe peke yake. Kisha rudi hapa.

Mimi ni muuguzi, miaka tisa nipo kitengo cha afya ya akili. Nenda umuulize waziwazi, kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Usizungukezunguke. Watu wengi wanaogopa kwamba ukilitaja utampandikizia wazo. Haiko hivyo. Nimewauliza watu wengi swali hilo, na mara nyingi ninachokiona ni mtu kushusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna aliyelisema kwa niaba yake. Akikubali, muulize kama ameshapanga namna na lini. Kama amepanga, mnakwenda dharura usiku huohuo, msisubiri asubuhi. Na kama ndani kuna kitu anachoweza kujidhuru nacho, kitolewe, kwa upole, yeye akijua.

Kuhusu kiapo, hicho huwezi kukitunza. Lakini usimzunguke. Mwambie usoni: "Sitakutangaza, ila hili sitalibeba peke yangu. Chagua wewe twende kwa nani." Ukimpa nafasi ya kuchagua unakuwa umemrudishia kitu mkononi, na yeye hivi sasa anaona hana chochote mkononi.

Sheria: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Kuwaza, au kumwambia mtu kwamba unawaza, si kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama chetu, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinakwenda kinyume na katiba. Natamani na sisi tufike huko, maana hofu hiyohiyo uliyotiwa na mwenzako ndiyo inayowafanya wagonjwa wangu waje wamechelewa.

Na wewe umekula leo?

Mstaafu_2016:

Dada mbunge, hongera kwa kukaa pale sakafuni. Nilikuwa waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi chuo kingine, miaka hiyo tukikomaa na bumu, ile posho ya kujikimu ya mkopo, la 8,500 kwa siku, kabla halijapandishwa kuwa elfu kumi mwaka 2022. Nakueleza kosa langu ili usilirudie.

Tulikuwa na kijana aliyeanguka kama huyu wako. Mimi kwa nia njema kabisa nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la wawakilishi: jina lake, kozi yake, "mwenzetu ana msongo wa mawazo, tumchangie." Ndani ya saa moja ujumbe ulikuwa umefika darasani kwake. Michango ilikuja, tena mingi. Yeye hakurudi darasani tena. Alirudi kwao na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumpigia simu. Kwa hiyo nakuomba: jina lake lisiandikwe popote, hata kwenye grupu dogo la watu watatu.

Kuhusu kubebwa, usianzie kwa wadeni. Kazi yake ni vitanda, ukimfuata ataona kitanda. Nenda kwa mlezi wa wanafunzi, uombe kumwona ana kwa ana, uanze na afya ya mtu. Suala la kitanda litaje mwenyewe mwishoni, usisubiri aligundue, na useme mwenyeji wake amekuwa akimlisha. Halafu kuna mambo mawili ya karatasi ambayo yanaua watu kimyakimya. Rufaa ya mkopo: mfuate afisa mikopo wa chuo, aangalie kama imekwama kwa kukosa kiambatanisho, mara nyingi ni cheti cha kifo cha mzazi au fomu isiyo na muhuri. Na masomo: kama ameshakosa testi, aombe kuahirisha kwa barua ya daktari mapema. Akiahirisha atarudi akiwa mwanafunzi. Akipotea tu bila barua atadisko, yaani ataondolewa masomoni, na hapo kutetea ni kugumu sana.

Mtumishi_K:

Mpeleke kwa viongozi wake wa dini aombewe, haya mambo yana roho zake.

Nesi_wa_Zamu:

Aombewe, na hospitali aende. Mimi mwenyewe naomba kabla ya zamu. Kimoja kisicheleweshe kingine.

Chumba_cha_Mwisho:

Sikutaka kuandika, ila ile habari ya kanga imenigusa. Mwaka 2019 mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kanga, chuo kingine, mkoa mwingine.

Aliyenitoa ni CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, mkaka mmoja mpole sana, pamoja na dada aliyekuwa mwakilishi wa bweni. CR alikuwa anamtuma yule dada na daftari lake kila jioni, limekunjwa kwenye ukurasa wa siku hiyo. Siku nyingi silifungui. Asubuhi dada analichukua, jioni analirudisha. Uji analeta kwenye chupa ya chai, anamimina kikombe chake kwanza, anakunywa, ndipo anamimina changu. Siku aliyonipeleka kwa mshauri nasaha alikaa benchi la nje saa nzima akinishikia mkoba. Nilipotoka hakuniuliza tumeongea nini. Akasema, "Twende tukanunue mihogo."

Sasa hivi nafundisha sekondari. Mwambie huyo mdogo wangu nimeandika hapa.

Mbunge_wa_Bweni:

Wakuu, samahani kwa kimya cha siku nne. Nawashukuru mno, wote.

Usiku uleule nilirudi. Nilimuuliza kwa neno lenyewe kama Nesi alivyosema, na sauti yangu ilitetemeka. Akakaa kimya, kisha akasema ndiyo, anafikiria, ila hajapanga. Nikamwambia kuhusu kiapo. Alikasirika, akanigeuzia mgongo. Nikaburuta godoro langu nikalilaza chini kando ya deka yao. Saa tisa usiku ndipo akasema, "Basi twende kwa mlezi, lakini na huyu," akimshika mwenyeji wake.

Asubuhi tukaenda watatu. Zahanati ya chuo walitupokea vizuri, ila mshauri anakuja siku mbili tu kwa wiki, na siku hiyo haikuwa mojawapo. Wakatuandikia rufaa ya hospitali. Kumbe kadi ya bima hana, hakuwahi kulipia ile 50,400. Wale wa chumbani waliokuwa wakilalamika ndio waliotoa hela ya kumwona daktari, bila grupu wala tangazo, mkononi. Mlezi amempa kitanda cha muda, na mwenyeji wake hajaguswa. Rufaa ya mkopo ilikwama kweli, Mstaafu: cheti cha kifo cha baba hakikupanda kwenye mfumo.

Alhamisi bungeni napeleka hoja ya mshauri kuwepo siku zote tano. Nitasimama na hesabu ya siku, sitasimama na habari ya mtu.

Dada wa Chumba cha Mwisho, nilimsomea maneno yako. Akaniuliza, "Mihogo ilikuwa ya kukaanga?"

Nesi, nina swali moja. Jumatano saa nne ana miadi ya kurudi kwa daktari, na mimi nina testi saa hiyohiyo. Niikose?

Nesi_wa_Zamu:

Usiikose. Muulize yeye anataka kwenda na nani.