VYUO VYA MAREKANI SASA VINALIPA WACHEZAJI, WATOTO WETU WANAAMBIWA WACHEZE BURE

Wakuu heshima kwenu. Mods naomba huu uzi usihamishiwe jukwaa la michezo ukafukiwa huko na Simba na Yanga, hii ishu ni ya kila mzazi mwenye mtoto mrefu au mwenye mbio ambaye kuna kocha wa nje ameanza kumfuatilia kwa habari za skolashipu. Nina hasira na sitazificha.

Iko hivi. Vyuo vikuu vya Marekani vimeanza kulipa wachezaji wao, tena hela ndefu. Toka Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, apige tangazo la gari, la viatu, la mgahawa, alipwe, wenyewe wanaita NIL. Halafu tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya wachezaji inayoitwa House, NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikakubali kulipa dola bilioni 2.8 ndani ya miaka 10 kwa wachezaji waliobaniwa huko nyuma, na kuanzia Julai mwaka huo chuo kinaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Safi sana, mimi naunga mkono asilimia mia, ilitakiwa iwe hivyo zamani. Sasa mtoto aliyetoka Mwanza, Eldoret au Bamako, yuko timu hiyohiyo, anavaa jezi hiyohiyo, kwa kuwa ana viza ya mwanafunzi ile F-1 anaambiwa asiguse. Akishiriki tangazo anahesabiwa kafanya kazi bila kibali, viza inakufa, anapandishwa ndege.

Mpwa wangu yuko huko. Chuo sikitaji maana bado anasoma hapo na sitaki wamwekee kinyongo. Ukoo mzima tulichanga nauli yake, dada yangu akauza kiwanja. Dogo ni senta wa basketball, anaanza kila mechi. Picha yake imebandikwa ukutani kwenye lango la ukumbi, kubwa kuliko mlango, na jezi yenye namba yake inauzwa duka la chuo dola 90. Kuna mwenye mgahawa wa kuku hapo mjini alitaka apige naye picha mbili tatu na aposti mtandaoni, hela ipo tayari. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikamwambia ukisaini hiyo karatasi sisi hatutaweza kukutetea. Dili likaenda kwa mwenzake Mmarekani ambaye anaingiaga zikibaki dakika mbili na matokeo yameshajulikana. Dogo akanitumia voice note, "Mjomba, hata kile kiti anachokalia benchi kinalipwa kuliko mimi." Nilishindwa nimjibu nini.

Bado sijamaliza. KODI. Watu hawajui hii. Skolashipu ya ada haikatwi kodi, ila ile sehemu ya chumba na chakula kwa mwanafunzi wa kigeni inahesabika ni kipato, na inakatwa asilimia 14 kama nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani unaokulinda. Tanzania haina. Kwa hiyo mtoto haruhusiwi kulipwa mpira, lakini ubwabwa anaokula kantini unakatwa kodi. Yeye hiyo cash ya kulipa hana, basi inaandikwa deni kwenye akaunti yake ya chuo, na deni lisipolipwa hasajili masomo ya muhula unaofuata. Mwaka jana tulimtumia sisi kutoka huku. Yaani shilingi ya Tanzania ndiyo inakwenda kumkomboa mtu ambaye jezi yake inauzwa dukani!

Najua kuna watakaokuja hapa na ile hoja ya kila siku, eti si anasoma bure huyo, ashukuru. Kwanza muulizeni anasoma nini. Dogo alienda na ndoto ya uhandisi, akakuta maabara ziko mchana na mazoezi yako mchana, kocha hakumkataza kwa mdomo, alimwambia tu "chagua", na wote tunajua maana yake maana kocha ndiye anayepanga nani abaki. Sasa hivi anasoma kozi ambayo hata yeye mwenyewe haipendi. Pili, goti likienda? Skolashipu nyingi zimekuwa zikihuishwa mwaka kwa mwaka. Hii si habari mpya, mwaka 1955 kuna kijana anaitwa Ray Dennison alikufa kwa kuumia kichwa akichezea timu ya football, ile ya Kimarekani, ya chuo kidogo cha Colorado, mjane wake akadai fidia kama mke wa mfanyakazi aliyefia kazini, Mahakama ya Juu ya jimbo ikamgomea mwaka 1957, hoja yao chuo hakifanyi biashara ya football. Kama ilikuwa kweli wakati ule leo mtu asiniambie hivyo, mashindano ya Machi ya basketball peke yake televisheni za CBS na Turner walisaini 2010 kuyaonyesha kwa dola bilioni 10.8, wakaongeza nyingine 8.8 za kufika 2032. Chuo cha Texas A&M mwaka 2023 walimfukuza kocha wa football Jimbo Fisher na kuvunja mkataba kukawagharimu zaidi ya dola milioni 75. Hela ya kumlipa mtu ASIFANYE kazi ipo, ya anayeruka na kuanguka sakafuni ndiyo haipo.

Hebu angalieni chuo kimoja tu, Connecticut, UConn, maana kinatuhusu. Hasheem Thabeet wetu kabla hajachaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies ya NBA mwaka 2009 alicheza hapo miaka mitatu. Mtoto wa Dar, mita 2.21, anazuia mipira ukumbi mzima unasimama, timu ikafika nusu fainali ya taifa. Mshahara hana. Februari hiyohiyo ya 2009 mwandishi mmoja akamuuliza kocha wake Jim Calhoun kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6, wakati bajeti ya jimbo ina pengo na yeye ndiye mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote jimbo zima. Akafoka kwamba harudishi hata senti, akajitetea timu yake inaingiza dola milioni 12 kwa mwaka. Sasa hizo milioni 12 zilikuwa zinaingizwa na nani kama sio Thabeet na wenzake?

Njoo 2014, chuo hichohicho, Shabazz Napier anawaambia waandishi kuna usiku analala na njaa huku jezi yake iko sokoni, na mwezi huohuo wamechukua ubingwa. Baada ya ile aibu ndio NCAA ikaruhusu wachezaji wapewe chakula bila kikomo. Njoo tena 2023, UConn bingwa, mchezaji bora wa fainali ni Adama Sanogo wa Mali, kacheza mashindano hayo huku akifunga Ramadhani. Huyu sheria ya NIL aliikuta imeshapita, wenzake Wamarekani wanavuna, yeye viza ya mwanafunzi imemfunga mikono. Seneta wao Richard Blumenthal na mwenzake wakapeleka muswada mwaka huohuo wa kurekebisha hiyo viza, haukufika popote.

Na Oscar Tshiebwe, wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima 2022 akiwa chuo cha Kentucky, unajua ilibidi afanyeje? Timu ilivyoenda Bahamas Agosti 2022 kwa mechi za maandalizi ndipo akapiga matangazo yake hukohuko, kwa kuwa akiwa nje ya ardhi ya Marekani hahesabiki kafanya kazi Marekani. Mtu bora kuliko wote nchi nzima anavushwa bahari ili apate haki ambayo mchezaji wa akiba anaipata akiwa kalala bwenini. Na huyo ni Kentucky, wana mawakili na ndege. Vile vyuo vya kawaida ambako ndiko watoto wetu wengi wanaishia, wanaokimbia cross country na kuruka vihunzi, nani atawapeleka Bahamas?

Mwaka 2021 kwenye kesi ya Alston majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana dhidi ya NCAA, na jaji Kavanaugh akaandika wazi kwamba hakuna biashara nyingine Marekani ingeruhusiwa kukubaliana isiwalipe wafanyakazi wake bei ya soko. Sasa kama hilo ni kosa kwa Mmarekani, kwa Mtanzania linageukaje kuwa sawa? Jasho halina pasipoti.

Hasira zangu zaidi ziko kwa hawa makocha na maajenti wanaokuja kwenye kambi za vijana huku. Wanajua kila kitu nilichoandika hapa. Wanakaa sebuleni kwa mama wa watu, wanakunywa chai, wanaonyesha video ya ukumbi na vitanda, hakuna anayefungua mdomo kusema mtoto wako hataruhusiwa kulipwa kama wenzake na utatumiwa deni la kodi. Waandikeni kwenye barua ya skolashipu, kwa Kiswahili, mzazi asaini akijua. Na kodi hiyo ya chumba na chakula chuo kiilipe chenyewe, hela wanayo.

Naombeni wenye uelewa wa uhamiaji mtusaidie. Nasikia kuna mawakili wanaosema mgao wa chuo ukilipwa kama haki ya kutumia picha tu, mchezaji asifanye chochote, F-1 haiguswi, na wengine wanasema ni hatari hivyohivyo. Kuna pia wanaozungumzia viza ya P-1 ya wanamichezo. Kama una ndugu au mtoto aliyepita njia yoyote kati ya hizo ikakubali, weka hapa utaratibu na gharama, au njoo PM. Dogo amebakiza misimu miwili.