Naomba ushauri: nashauri watu redioni ila sijasomea

Wakuu habari zenu. Mimi ni mtangazaji redio moja ya mkoani, mwaka wa 4 sasa naendesha kipindi cha usiku cha mahusiano, watu wanapiga simu au wanatuma meseji nasoma halafu nashauri. Diploma yangu ni ya utangazaji, ushauri nasaha sijagusa kabisa.

Sasa wiki iliyopita kapiga dada mmoja analia, mume anampiga na muda huo kajifungia jikoni na mtoto, na sisi tuko laivu jamani, nikamwambia aende dawati la jinsia polisi nikampa na ile namba ya simu 116 ya msaada kwa watoto, mara simu ikakata na mpaka leo hapatikani. Usingizi sina. Nikikumbuka kuna watu huko nyuma nimewaambia "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo" roho inaniuma sana.

Nimesoma habari za Dr. Ruth Westheimer wa Marekani, alianza redioni New York 1980 na kipindi cha dakika 15 tu Jumapili usiku, ila tayari alikuwa na udaktari wa elimu na kafundishwa tiba ya matatizo ya tendo la ndoa. Mimi nina sauti tu.

Bosi hataki tumlete mshauri aliyesomea, anasema kipindi kitapoa. Je niende chuo cha Ustawi wa Jamii nisome huku napiga kazi au nikiache kipindi kwanza? Na mlioko redioni, simu kama ile mkiwa hewani mnafanyaje? Nisaidieni ndugu zangu.