Je, tabia isiyopangwa ni dalili ya mashine kujitambua?

Muulizaji: Ndugu zangu, mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alidai kwamba LaMDA, programu ya mazungumzo, ina hisia, na kampuni ikakanusha. Je, mashine ikifanya jambo ambalo hakuna aliyeiagiza kulifanya, tuseme imeanza kujitambua?

Jibu la kwanza: Sidhani. Tazama mchezo uitwao Game of Life, aliouvumbua mwanahisabati John Conway na uliotangazwa mwaka 1970. Huchezwa kwenye ubao wa vimraba, kila kimoja kikiwa hai au kimekufa, ambamo kimraba kilicho hai huendelea kuishi kikiwa na majirani hai 2 au 3, na kilichokufa huwa hai kikizungukwa na 3 kamili. Kutokana na kanuni hizo chache huzuka umbo la vimraba 5 linalotambaa kwa mshazari, likisogea kimraba kimoja kila baada ya vizazi 4 (yaani hatua 4 za mchezo), ilhali hakuna kanuni inayotaja mwendo. Mchwa nao (mfano wa karibu zaidi nasi) hujenga kichuguu bila msimamizi.

Jibu la pili: Mfano huo ni mzuri, lakini haumalizi hoja, kwa sababu hata ubongo wetu ni mkusanyiko wa seli ambazo hakuna hata moja inayojitambua peke yake.

Muulizaji: Basi tupime kwa kipimo gani?

Jibu la kwanza: Kwa vyovyote si kwa maneno ya mashine yenyewe. Programu iliyofunzwa kwa maandishi ya binadamu wanaoandika kila siku kwamba wanaogopa kufa itaandika hivyo hivyo, iwe inaogopa au haiogopi.