Kichwa kinapasuka, vipimo vyote safi. Niache biashara ya dagaa?

Binti Igombe: Wakuu habari za jioni. Naandika gizani, mniwie radhi nikikosea herufi. Kichwa kinanitesa tangu mwaka jana. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kinadunda kama mtu anatwanga mihogo, mwanga sitaki, harufu ya dagaa nikiivuta tu natapika. Na kazi yangu ndiyo hiyo, nina meza mwaloni Kirumba, Mwanza. Malaria nimepima, taifodi, presha, miwani nimebadilishiwa, kichwa kimepigwa siti skani: hakuna kitu. Sasa nauliza, nimwachie mdogo wangu meza nirudi kwetu Sengerema? Wiki iliyopita nimesubiri kivuko pale Busisi juani, nikasema leo nakufa.

Mzee wa Pasiansi: Pole binti yangu. Kunywa maji. Simu mpaka saa nane usiku, halafu mnashangaa. Mimi mwaka 1994 nikiwa kiwanda cha samaki niliumwa kichwa hivyo hivyo, kumbe jino. Kang'oe.

Sato Mkavu: Mzee unang'oa watu meno mtandaoni. Mleta mada, umeolewa? Anzia hapo.

Dada Buzuruga: Mwacheni. Hicho kinafanana kabisa na kipandauso. Ninacho tangu sekondari, mama anacho, kinatembea kwenye ukoo. Siti skani inatafuta uvimbe au damu iliyovuja. Kipandauso hakionekani humo, daktari anakitambua kwa maelezo yako. Kwa hiyo kuambiwa "hakuna kitu" siyo kwamba unajisingizia. Harufu inakichokoza tu, hata Sengerema kitakufuata. Unameza nini?

Binti Igombe: Dawa za kawaida tu dada.

Dada Buzuruga: Zipi? Mara ngapi?

Binti Igombe: Diklopa. Mbili alfajiri kabla hakijaanza, moja jioni. Kila siku, kama kinga. Sasa mlitaka nifanyeje? Mzigo unashuka usiku, nani atausimamia? Duka la dawa wananiuzia bila neno. Wapo wanaomeza tatu tatu.

Dada Buzuruga: Lo! Hilo ndilo ungeanza nalo. Dawa za maumivu ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu ikapita, zenyewe zinazaa kichwa. Zile za mchanganyiko hata siku 10 zinatosha. Unameza kinatulia, kesho kinadai tena. Na hiyo diklofenaki iliyomo kwenye Diklopa kila siku, tumbo na figo zako unazihurumia? Usikatishe kimyakimya, siku za mwanzo kichwa kinazidi. Rudi kwa daktari, mtajie idadi ya vidonge bila kupunguza, uliza dawa ya kuzuia. Mimi niliwekwa amitriptilini kidogo usiku. Wengine wanapewa propranolo, ila mwenye pumu aseme mapema. Na kama unaona vimulimuli kabla hakijaanza, na unatumia vidonge vya majira, hilo nalo litaje, vipo visivyofaa kwa sababu ya hatari ya kiharusi.

Binti Igombe: Nimekuelewa. Ila chumba Sengerema nimeshalipia, na kuna babu mganga kule nimeshamtangulizia laki moja. Harudishi.

Sato Mkavu: Kumbe na babu yumo! Huyu anatoa habari kwa kijiko.

Kijana wa Kigongo: Nyie hamjashtuka? Kivuko Busisi wiki iliyopita? Daraja la Kigongo–Busisi limezinduliwa Juni 2025, kilomita tatu unazipita hujamaliza karanga. Hii ni chai, tena ya rangi.

Binti Igombe: KAMANGA! Nilimaanisha Kamanga. Uumwe wewe tuone kama utakumbuka jina la kivuko.

Kijana wa Kigongo: Mtu mwanga hautaki, lakini simu anaisoma na kujibu kila baada ya dakika mbili. Haya.

Dada Buzuruga: Mwanga wa simu unapunguzwa, kaka. Na mimi kikinipanda nimewahi kumpita konda wa daladala bila kukumbuka nashukia wapi. Hata akiwa anatunga, wameza-diklopa wa kila siku humu wapo, na wamenyamaza.

Mzee wa Pasiansi: Lakini jino amelipima?

Binti Igombe: Jumatatu naenda kliniki, dada. Kwa babu nitapitia kwanza Jumamosi, laki siyo hela ya kuacha.

Sato Mkavu: Wakati unazunguka, mdogo wako anauzaje debe? Nipo Buswelu, naweza kufuata.