Jinja kwa baiskeli siku tatu bila kiongozi: njia, tairi, mzigo

Kanyagia256: Habari wadau. Tuko wawili, tunataka kutoka Mukono hadi Jinja polepole, tupite mashamba ya nanasi na kahawa, tuone Nile, jioni tuonje mvinyo wa nanasi. Rimu zetu ni 700C, tairi za milimita 32. Barabara kuu inayopita msitu wa Mabira inatutisha. Tupite wapi?

FundiSpoku: Mabira iacheni, malori na mabasi yanapitana bila kujali baiskeli. Mukono kateni kushoto, mfuate lami ya Kayunga mpaka Njeru, ng'ambo ya Nile kutoka Jinja, kilomita 94. Mlale Kayunga. Siku ya pili iwe fupi makusudi: Kangulumira ndiko kwenye nanasi, na upande wa kushoto kuna njia za marram (udongo mwekundu wenye changarawe) za kushukia maporomoko ya Kalagala. Hapo ndipo Nile inanguruma kweli, msipapite haraka. Bujagali msiitafute, maporomoko yalimezwa na bwawa la umeme lililoanza kazi 2012.

Tairi 32 zinatosha lami tu. Kwa marram wekeni 40 kama fremu inaruhusu, upepo pauni 45 kwa inchi ya mraba nyuma na 38 mbele kwa mtu wa kilo 75. Marram yenye mawimbi hulegeza bolti za kareya, kile kibebeo cha mizigo; zikazeni kila asubuhi. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma. Machi hadi Mei ni afadhali msiende.

Mama Kareya: Nyongeza muhimu kuhusu tairi. Ile "28" inayouzwa madukani kwa baiskeli nyeusi za mizigo ni ya rimu ya milimita 635. Yenu, 700C, ni 622, kwa hiyo itapwaya na kuchomoka. Bebeni tyubu mbili kila mtu, viraka, solusheni, na tairi moja ya kukunja. Mkikwama, tyubu ya inchi 26 huingia ikivutwa kidogo, lakini ni ya kuwafikisha mjini tu.

Kanyagia256: Asanteni sana. Fremu inakubali 38. Na kuoga mtoni je?

FundiSpoku: 38 sawa, ongezeni pauni tano. Kuoga hapana: kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia kando ya majani, maana ndipo konokono wanapokaa. Mkilowana, jifuteni mara moja, kisha mkapime baada ya miezi miwili au mitatu. Kupima mapema mno huweza kukosa ugonjwa.