Mwanangu wa raga ana kilo 74, nimwongezeje mwili?

Baba Flanka: Wakuu, naombeni ushauri. Kijana ana miaka 17, urefu sentimita 184, kilo 74. Kocha anataka afike 85. Anakula vizuri. Nimwongezee nini?

Dada Lishe: "Vizuri" ni kiasi gani? Protini iwe gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili, yaani kwake 120 hadi 150 kwa siku, igawe milo minne. Mayai matatu yana kama 18, nusu lita ya maziwa 16. Dagaa na maharage yajazie. Ugali usipunguze, wanga ukipungua mwili unachoma protini. Aongezeke gramu 200 hadi 400 kwa wiki. Kilo 11 ni kazi ya miezi minane au tisa.

Skramu ya Upanga: Mimi hata hiyo 85 naipinga. Flanka, yule wa pembeni ya skramu, ni mbio na pumzi; uzito mwachieni prop, wa mstari wa mbele. Mpime mikunjo ya ngozi, yaani mafuta ya chini yake, kwa kaliper (kibanio cha kupimia unene), sehemu saba, upande wa kulia, ujumlishe milimita. Kilo zikipanda na jumla ikabaki palepale, hiyo ni misuli. Na mizani ni asubuhi kabla ya chai. Baada ya mazoezi, kwa joto letu hili, jasho linakudanganya.

Baba Flanka: Ameshapanda kilo 5 kwa wiki tatu, ila mbio zimepungua.

Temeke_K: Kilo 5 wiki tatu? Chai hii. Misuli haijengeki hivyo. Uzi wa kutunga.

Baba Flanka: Situngi! Mashavu yamejaa, mapaja ndiyo yamepungua.

Dada Lishe: Kaka, anameza nini?

Baba Flanka: Vidonge vya kunenepa, nilinunua Kariakoo. Muuzaji alisema ni vya hamu ya kula tu. Vimebaki vya wiki moja, nilitaka amalizie.

Mama Pima: Asimalizie, wala msikate kienyeji. Vidonge hivyo mara nyingi ni deksamethasoni, dawa ya steroidi: hujaza maji, hurundika mafuta usoni na tumboni, hula misuli ya mapaja. Ndiyo maana mbio zimekwisha. Tezi za adrenali, zinazotoa homoni ya aina hiyo mwilini, zikishazoea, kuacha ghafla kunaweza kumwangusha: kutapika, presha kushuka. Nendeni hospitali leo, apimwe sukari na presha, daktari aamue namna ya kuacha. Na dawa hiyo ya kumeza WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wanaikataza wakati wa mashindano.

Baba Flanka: Lakini kocha ameshampanga kikosini...

Skramu ya Upanga: Kocha atasubiri, mkuu.

Baba Flanka: Sawa. Niende na vidonge?

Mama Pima: Vyote, na kifuko chake.